Chupa ya Kunde Isiyo na Ufunguo

Wezi walipoingia nyumba ya tatu Likoni katika mwezi mmoja, bila kuvunja hata bawaba, Idarus alisikitika kama wenzake. Kisha akaenda kununua chupa kubwa za kioo.

"Kufuli ndilo adui," aliwaambia waliokaa barazani kwa Mzee Khatibu. "Kufuli lina ufunguo, na ufunguo huchongwa wa pili. Mimi naweka amana bila ufunguo. Kisichokuwapo kitaibiwaje?"

Akawaonyesha. Alitia pete ndani ya chupa, akamimina kunde, choroko na maharage mekundu, akatikisa, akajaza mpaka shingoni. Punje zikajipanga kwenye kioo ovyo ovyo, kila moja ilipopenda. Hapo hupigwa picha, na mwenye mali hupewa picha hiyo. Atakayeifungua chupa, hata arudishe kila punje, ile sura haipati tena.

Mzee Khatibu, mstaafu wa bandarini asiyeamini kitu kisicho na mhuri, alitaka kuipima kwanza. Akapewa chupa ya majaribio na picha yake, akaimwaga, akaketi na kijiko tangu adhuhuri kuzirudisha punje mahali pake. Ilipoadhiniwa Magharibi alikuwa amepata sehemu ya ukubwa wa kiganja. Akapiga chafya, ikaporomoka.

"Kuifunga ni kupepesa macho," alitangaza. "Kuirudisha, umri hautoshi. Ni salama, wallahi."

Bi Johari, muuza nafaka, alikuwa amesikiliza yote. Alikuwa akienda Lamu kumlea mwanawe aliyejifungua, mpaka arubaini, na alikuwa na bangili za marehemu mamake.

"Na sura ikibadilika, mwanangu?"

"Vespa yangu ni yako, Bi Johari. Mzee Khatibu shahidi."

"Haya. Lakini nafaka zitoke dukani kwangu. Bangili za mama hazilali kwenye kunde za watu."

"Hewala. Nitumie jioni hii, nizianike."

Hakuzianika. Asubuhi yake, bila haya, alijaza chupa moja akiwa peke yake, ndani yake bangili za shaba, akaipiga picha na kuificha uvunguni. Baadaye, mbele ya watu, akazitia bangili za Bi Johari katika chupa ya pili, akatikisa kwa madaha, akabonyeza kamera isiyo na filamu. Picha ile ya kwanza ilipotoka studio, chupa iliyokaa rafuni ilikuwa ile ya uvunguni. Bi Johari akalinganisha punje kwa punje, akaridhika, akasafiri.

Idarus hakukawia kuzipeleka bangili za Bi Johari kwa sonara. Sonara aliisugua bangili ya kwanza kwenye jiwe lake, akaiangalia, akairudisha kwa vidole viwili.

"Shaba."

"Na hizi nyingine?"

"Dada zake."

Njiani Idarus alijiliwaza. Amepewa shaba, anatunza shaba. Katika kazi yake yote hajawahi kuwa mwaminifu namna ile.

Bi Johari aliporudi, akaja na Mzee Khatibu. Idarus akawaamkia, akaishusha chupa kwa heshima na kuondoa kitambaa kilichoifunika.

Kunde zilikuwa na matundu. Unga umejaa chini, choroko zimezama, maharage yameinama upande, na fukusi wanapanda kioo kama wenye nyumba.

Mzee Khatibu aliitazama picha, akaitazama chupa, akaigeuza picha juu chini ili atende haki.

"Haifanani."

"Ni wadudu hawa, mzee! Wametoka kwenye kunde zake!"

"Hatukuandikiana na wadudu," alisema Bi Johari. "Tulisema sura." Akaimwaga chupa kwenye sinia, akaokota bangili moja, akaisugua kwa kanga. "Shaba! Jamani, dhahabu ya mama!"

"Bi Johari, we! Hata hizo zako zilikuwa..."

Ulimi ulikuwa umeshafika mlangoni. Aliurudisha kwa taabu.

"Zangu zilikuwa zi vipi, mwanangu?" Bi Johari aliuliza kwa upole.

"Sema, kijana," Mzee Khatibu akasogea. "Ulizijuaje, na chupa haikufunguliwa?"

Idarus aliwatazama fukusi. Hawakuwa na la kumsaidia. Akatoa ufunguo wa Vespa, kwa kuwa Vespa, kwa bahati mbaya, ilikuwa na ufunguo.

Wiki ile Vespa ilionekana ikibeba magunia. Idarus akipita kwa miguu, Bi Johari alimwita kutoka dukani.

"Naam, Bi Johari."

"Zile kunde nilizokutumia, za nyuma ya ghala, mwanangu, bado ninalo gunia. Nikuwekee?"