Kasoro za Birika la Jirani

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Kwenye maonyesho imebaki nafasi moja tu, na mratibu anataka kila mfinyanzi aandike ukurasa mmoja wa kuikosoa kazi yake mwenyewe. Tangu lini muuzaji akatangaza kuwa maziwa yake yamechacha? Miaka kumi na minane nafinyanga mabirika, hayajaonyeshwa popote isipokuwa dirishani kwa shemeji. Nafasi hii lazima niipate.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika: kosa langu kubwa ni kupenda kazi kupita kiasi. Safi! Mratibu amerudisha kabla ya adhuhuri. Kasema hizo ni sifa tupu, na mfinyanzi asiyeweza kuandika kasoro zake atazifinyanga hadi azeeke. Mke wangu kacheka hadi akashika ukuta.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata dawa! Ninalo daftari la kasoro za jirani, mfinyanzi mwenzangu ninayemwita Mabega kwa majivuno yake. Kurasa tisa! Mdomo mfupi, chai inatiririka tumboni mwa birika. Mpini umebana vidole. Kifuniko kinaanguka birika likiinama. Nimezibana zote katika ukurasa mmoja na kumpelekea mratibu, palipokuwa "yeye" nikaweka "mimi". Mke wangu kachungulia daftari, akasema nyani haoni kundule. Kweli kabisa. Ndiyo shida ya Mabega.

Ijumaa, 7 Machi
Sijala tangu jana, nangoja jibu. Mratibu kaja karakanani, karatasi yangu mkononi. Akajaza birika langu maji, akainamisha. Maji yakatiririka tumboni. Kifuniko kikaanguka. Vidole vyake vikakwama kwenye mpini. Nikajua nimekwisha. Kumbe anatabasamu! Kasema hajawahi kuona mtu anayejijua hivi. Nafasi nimepewa! Jamani, mzigo umenishuka. Nilikaa papo hapo juu ya udongo mbichi, sikujali suruali. Mke wangu kauliza kasoro zote hizo nilizijuaje. Nimemjibu ni kipaji.

Jumamosi, 8 Machi
Mabega kaja kunipongeza. Ukurasa wangu umebandikwa mlangoni pa maonyesho, kausoma mara mbili, umemgusa. Kasema kasoro hizo hizo anazo hata yeye, kwa hiyo sasa anarefusha mdomo na kupanua mpini. Kanionyesha birika jipya, bichi bado. Kanishukuru hadi machozi yakamlengalenga. Masikini, hajui! Nimepumua.

Alipoondoka nimefungua daftari, nikaandika ukurasa wa kumi: mdomo mrefu mno. Nimejimiminia chai kwa birika langu kujipongeza. Ukurasa wote umelowa. Meza hii imepinda.