Hodi ya Kumi na Tatu

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Rasharasha tangu asubuhi. Nimekaa dirishani nikiwaza kitabu changu.

Ni kitabu chembamba cha barabara na mito ya kwetu, jalada la kijani lililopauka. Marehemu mke wangu alikijaza maneno ya penseli pembezoni. Mwezi wa nane nilikitoa kwa maktaba ya mtaa, kwa bahati mbaya, ndani ya sanduku la vitabu arobaini. Arobaini, kwa sababu jirani yangu wa chumba cha chini, Mpimaji wa ardhi, alikuwa ametoa thelathini na tisa. Jina langu sasa liko juu ya lake kwenye ubao wa wafadhili. Nikikidai kimoja, tutalingana. Haiwezekani.

Na nani anacho? Mpimaji huyo huyo. Miezi mitatu. Kanuni ya maktaba ni kwamba kitabu kikirudi hupumzika mezani kwa Mkutubi robo saa, na wa kwanza kubonyeza kwenye tovuti ndiye mwenye nacho. Asipojitokeza mtu, aliyekirudisha anaruhusiwa kukiazima tena. Kila wiki mbili Mpimaji anakirudisha, anasubiri robo saa, anaondoka nacho. Atakirudisha tena tarehe 14.

Nimekuwa nikiifungua tovuti ya maktaba kila dakika tano, kama mtu anayechungulia sufuria. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, anatengeneza mifumo ya kompyuta. Amecheka sana. Akaniuliza, Mjomba, mbona unajitesa? Acha maktaba ikufuate yenyewe. Unaipa anwani yako ya mtandaoni, na kitabu kikirudi mfumo wao unakuja kugonga kwenye anwani hiyo na habari mkononi. Wenyewe wanaiita webhook.

Mimi nimeiita hodi. Nimelala mchana nikaota mji mzima wa milango, na habari zikitembea toka mlango hadi mlango zikibisha kwa kidole kimoja.

Jumatano, tarehe 6

Nimeandika programu mwenyewe. Miaka thelathini nilisahihisha vitabu vya watu kwenye kiwanda cha uchapaji. Sioni kwa nini nishindwe kuandika kurasa mbili za mashine. Hodi ikifika, programu inabonyeza kunishikia kitabu na taa ndogo ya buluu mezani inawaka. Mpwa ameiweka kwenye kompyuta anayokodi, kwenye anwani inayofunga mazungumzo yasisikilizwe njiani.

Tumekosana kwa mambo mawili.

La kwanza, jibu. Anasema hodi ikija nijibu upesi "nimepokea", basi. Nimemwambia hivyo ndivyo anavyojibiwa mdai, si mgeni. Nimeandika jibu la heshima: salamu, habari za safari, habari za rafu zenu, hali ya hewa ya huku. Inachukua sekunde arobaini kulitunga, kwa kuwa hali ya hewa lazima ikaulizwe kwanza.

La pili, anataka kila mgeni akaguliwe muhuri. Nimemuuliza tangu lini mtu wa ukoo wetu akamdai mgeni kitambulisho mlangoni. Ameshika paji la uso. Mama yake alikuwa na desturi hiyo hiyo.

Alhamisi, tarehe 7

Taa imewaka siku nzima.

Kwenye fomu ya maktaba palikuwa na visanduku vya kuchagua nitaarifiwe nini. Nilichagua vyote, nisionekane mchoyo wa kusikiliza. Basi kila kitabu kilichorudishwa mjini kilinijia. Nilizima taa kubwa nikakaa na ile ya buluu. Inawaka: mtu amemaliza riwaya. Inawaka: mtu amekata tamaa na hesabu. Sikumbuki lini nimekuwa na wageni wengi hivyo.

Saa tisa Mkutubi amepiga simu. Mama mpole, sauti kama ya kurasa. Amesema, "Shikamoo Mzee. Naona umeomba *Malezi ya Mtoto Mchanga* mara tano. Tukupe hongera?"

Mpwa ameeleza. Mfumo wa maktaba husubiri jibu sekunde kumi tu. Usipojibiwa hudhani hakuna mtu, unagonga tena. Mimi nikiwa bado naulizia hali ya hewa, umeshabisha mara tano, nami nimeomba mara tano. Amehamisha salamu zangu zije baada ya "nimepokea". Amefuta visanduku vyote, amebakiza kitabu changu peke yake. Kuhusu muhuri nimeshika msimamo.

Usiku huu chumba ni kimya mno.

Jumamosi, tarehe 9

Jana jioni nilikutana na Mpimaji kwenye ngazi. Tulitoka kwetu mwaka mmoja, yeye na mnyororo wake wa kupimia, mimi na kalamu nyekundu. Aliniuliza siku hizi nasahihisha nini. Sikuweza kujizuia. Nilimweleza habari ya hodi yote, isipokuwa kitabu chenyewe. Alitaka kuiona anwani, ilivyo nzuri. Nikamwandikia kwenye kikaratasi kwa mwandiko wangu wa zamani, wenye mikia.

Leo saa tatu taa imewaka. *Kitabu kimerudi.* Nimekimbia hadi maktaba na ndara. Mkutubi amesema bado hakijarudi.

Saa tano, taa. Nimekimbia. Hakuna kitu.

Saa nane, taa. *Kitabu kimerudi, pamoja na mwavuli wako.* Nilikuwa nimeshafika maktaba nilipokumbuka kwamba sina mwavuli.

Niliporudi, Mpimaji alikuwa dirishani kwake na chupa ya chai na daftari. Kutoka mlango huu hadi maktaba ni mita mia tisa, akasema. "Kwa leo umetembea mita elfu tano na mia nne, bwana. Kwa umri wako, hongera."

Jumapili, tarehe 10

Mpwa amekuja na hakusema "nilikwambia". Amesema tu, Mjomba, mlango usio na muhuri ni wa kila mtu.

Muhuri ni hivi. Mimi na maktaba tunakuwa na neno moja la siri, la sisi wawili tu. Maktaba ikituma habari, inaichanganya na neno lile kwa hesabu ngumu, inapata namba ndefu, inaibandika juu. Habari ikifika, programu yangu inafanya hesabu ile ile. Namba zikilingana, ni maktaba. Zisipolingana, hodi inafukuzwa. Na habari yenye saa iliyokwisha pita nayo inafukuzwa, asije mtu akaokota hodi ya jana akaileta leo.

Mpwa alikuwa ametengeneza neno la siri la herufi na tarakimu zilizovurugika, kama kazi ya mchapaji mlevi. Sikuweza kulivumilia. Nimeweka langu, maneno ya mke wangu pembezoni mwa ukurasa wa 41, penye njia panda ya mto: *Hapa tulipotea. Tukacheka.* Nimemwambia mpwa ni mstari tu ninaoukumbuka. Ameguna, akaliingiza upande wa maktaba.

Jioni nimemwambia Mpimaji michezo imekwisha. Neno langu la siri, nimesema, liliandikwa na marehemu kwa mkono wake, na hakuna mashine duniani itakayolibuni. Akaniuliza kama marehemu alipenda kutumia penseli. Swali la ajabu.

Jumanne, tarehe 12

Siku ya ushindi. Hodi ya uongo saa mbili: imefukuzwa. Saa tatu: imefukuzwa. Kufikia magharibi, kumi na moja! Kila moja imeandikwa kwenye orodha, na mimi nimekaa nikinywa chai mbele ya taa isiyowaka.

Naona raha ya kutofungua mlango. Sikuijua.

Jumatano, tarehe 13

Saa nne asubuhi, taa. Nimekagua mwenyewe mara mbili. Muhuri wa kweli, saa ya kweli. *Kitabu kimerudi.* Siku moja kabla ya wakati.

Nimepiga viatu rangi. Nimetembea polepole, nikiota barabara za kwenye kitabu zikija kukutana na ya huku, ule mto wetu ukipita chini ya daraja hili. Nimefika, Mkutubi ametikisa kichwa. Bado.

Kurudi, nimekuta mlango wa Mpimaji uko wazi na kitabu kiko juu ya meza yake.

Nimesimama. Amesema, ingia mwenzangu, chai iko motoni. Amesema alijaribu maneno yote ya penseli, moja moja. Kumi na moja yalikataa, la kumi na mbili likakubali. Hesabu yenyewe si ngumu, amesema, kwa mtu aliyepima milima.

Kisha ameingia jikoni kutafuta sukari na akakawia kuliko sukari inavyohitaji.

Nimefungua ukurasa wa 41. Mwandiko wake umelala upande kama majani kwenye upepo. Ilikuwa alasiri kama hii. Tulikwenda kushoto badala ya kulia, tukakaa juu ya jiwe miguu majini, na hakuna aliyekuwa akitungoja popote. Nilikaa kwenye jiwe lile muda mrefu. Kiti cha Mpimaji kilikuwa kigumu vile vile.

Aliporudi alisema siku ile ya kwanza alipokiona maktaba alimkuta Mkutubi na kifutio mkononi. Maktaba hufuta penseli za watu kabla kitabu hakijakaa rafuni. Aliutambua mwandiko, akasema anakichukua hicho. Toka hapo hajakiacha kikae.

"Mbona hukuja kuniomba, bwana? Ngazi kumi na nane tu."

Nimemwambia nilikuwa napita tu.

Amenitazama. Akasema basi chukua, kesho nitamwambia Mkutubi kimepotea, nilipe. Mimi, kupokea kitabu changu kwa hisani ya mtu wa thelathini na tisa! Nimesema, kirudishe kesho saa nne kama kanuni inavyotaka, mimi nitakipata kwa njia zangu. Ameniomba angalau niwe pale mezani kwa miguu yangu. Nimesema mashine itatosha.

Nikapanda juu na jambo moja likawa wazi: siri imevuja. Nimebadilisha neno. Mpwa aliwahi kusema likibadilishwa libadilishwe pande zote mbili, huku na maktaba, siku hiyo hiyo. Lakini kuliweka maktaba ni kumwambia mtu mwingine, na hivyo ndivyo siri zinavyovuja. Sikumwambia mtu. Hata wewe, shajara.

Alhamisi, tarehe 14

Ukungu. Nimekaa mbele ya taa tangu saa mbili, nimevaa koti.

Saa nne na dakika nne, hodi. Programu imeukagua muhuri ikaukataa. Ya kumi na tatu! Nimecheka peke yangu. Maskini Mpimaji, bado anajaribu na neno la jana.

Nimeendelea kungoja ile ya kweli. Haijaja.

Saa tano kasorobo nimesikia hatua zake kwenye ngazi, zote kumi na nane. Amesimama nje ya mlango wangu, nasikia anavyohema. Amebisha, "Hodi." Kisha tena, "Hodi, Msahihishaji." Mara ya tatu ameita taratibu, kwa jina ambalo marehemu peke yake alikuwa akiniita. Lazima amelisoma humo kitabuni. Sikujibu. Mtu aliyewahi kughushi muhuri nitamjuaje?

Ameshuka.

Mkutubi amepiga simu mchana. Kitabu kilirudi saa nne na dakika nne. Mpimaji alikaa robo saa nzima ameweka kiganja juu yake, macho mlangoni, kisha akakiazima tena hadi tarehe 28. Ajabu ya mtu huyo. Hajui kushindwa.

Jambo moja limenifurahisha: muhuri unafanya kazi. Kesho nitamwomba mpwa taa ya pili, nyekundu, iwake kila hodi ya uongo inapofukuzwa, ili tarehe 28 asinipite hata kidogo.