Kipimo cha Mkono na Leseni ya Sigara

Jumatatu, 2 Juni 2025

Kikao ofisi ya kata, saa tatu asubuhi. Baridi ya kukata masikio, lakini wenye maduka wa Katandala tulifika wote. Alikuja Bi Violeth, afisa wa leseni, mgeni kutoka Mbeya. Mwili mdogo, sauti ndogo, faili kubwa. Akasema kuanzia sasa sigara atauza mwenye leseni ya tumbaku tu, na atakayemuuzia mtoto wa chini ya miaka kumi na nane ataikosa.

Kisha akatoa leseni ya mfano. Mungu wangu! Sijawahi kuona karatasi ya namna ile. Kijani pembeni, muhuri mwekundu katikati, na kitu fulani kinachometameta ukiinamisha kichwa. Niliinamisha kichwa mara sita. Ukilinganisha, cheti changu cha ndoa ni karatasi ya kufungia maandazi. (Avelina asisome hapa.)

Tumepewa vibali vya muda. Ijumaa anayefaa atapata leseni kamili. Kabla ya hapo atatumwa mtu wa kutujaribu, na hatutamjua. Isakwisa, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, aliandika kila neno kwa kalamu za rangi mbili. Mnafiki!

Nimemweleza mke wangu. Akanikumbusha kwamba duka ni lake, alijengewa na baba yake. Mvuta sigara akija hununua na kiberiti, sukari, vocha. Wakihamia wote kwa Isakwisa, kaunta atakaa yeye mwenyewe, na mimi nitarudi shambani Malangali kuvuna mahindi. Alisema hayo bila kunitazama. Nimeogopa.

Jumanne, 3 Juni

Bi Violeth anataka tudai kitambulisho. Nani anabeba kitambulisho kwenda kununua sigara moja? Hajatuzoea. Mimi nina kitu bora zaidi.

Kimenijia nikinywa uji. Mwaka ule naanza darasa la kwanza, hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwalimu alikuambia upitishe mkono wa kulia juu ya utosi. Vidole vikigusa sikio la kushoto, una miaka saba, ingia darasani. Visipogusa, rudi nyumbani ukachunge. Kijiji kizima tulipimwa hivyo na hakuna aliyekosewa! (Mimi niligusa nikiwa na miaka kumi, lakini nilikuwa na kichwa kikubwa.)

Sasa hesabu. Sikio ni miaka saba. Mkono unaendelea kukua, kwa hiyo shavu ni kumi na mbili, na taya ni kumi na nane. Nimejipima, nimegusa taya. Nina arobaini na sita. Sawasawa kabisa!

Nimechora kichwa cha mtu kwenye boksi la sabuni, nimeweka alama zote, nimelibandika ukutani. Nimelitazama muda mrefu. Vitu kama hivi kwa kawaida hutoka kwa watu wenye digrii.

Jumatano, 4 Juni

Wa kwanza alikuwa Mzee Loth, miaka sabini na moja, mteja wangu wa kila siku. Bega lake liliharibika alipoanguka na baiskeli njia ya Kaengesa. Nikamwamkia, nikamwomba apitishe mkono. Uliishia kwenye paji la uso. Kwa kipimo changu, hajaanza shule. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba sheria ni sheria. Akanijibu kwa Kifipa, kwa kirefu. Kwa Kiswahili alisema tu kwamba siku ya ubatizo wangu yeye ndiye aliyenishika, na anajuta kwamba hakuniachia. Akavuka barabara. Isakwisa alimpa shikamoo, kiti na sigara, kwa mpangilio huo.

Kufika mchana, umati. Wenye makoti mazito mikono haikupinda, ikabidi wavue, na upepo huu! Vijana wa bodaboda walipimana, wakapigana picha, wakaniita Daktari. Hakuna aliyenunua hata kiberiti. Lakini nilisimama mlangoni nikaona mikono yote ile juu ya vichwa, na mwili ukanisisimka. Nimeanzisha jambo.

Alhamisi, 5 Juni

Mchana niliona maajabu. Aliingia mwanamke mrefu, kitenge kiunoni, shali begani, mtulivu kama mtawa. Akaomba sigara mbili. Nikamwomba mkono. Ulipita sikio. Ukapita shavu. Ukapita taya! Vidole vikatua shingoni, na hata hakupumua kwa shida. Sikuwa na alama ya kufika huko. Nikakadiria miaka thelathini na mitano, nikampa sigara zake, na kwa kuwa sura yake ni ngeni, na pole ya safari.

Nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, alizaliwa lini. Akasema mwaka 2010. Nilicheka hadi nikashika kaunta. Watu wenye utani mkavu namna hii ni wachache siku hizi.

Nikamwamini. Nikamweleza kwamba kuna mpelelezi anakuja na kwamba nitamnasa kwa kipimo hiki. Alinisikiliza vizuri sana. Akauliza kama kuna mtu mwingine anayekitumia. Nikasema kwa sasa ni mimi peke yangu. Akasema aliona hivyo.

Ijumaa, 6 Juni

Leo siku ya leseni. Nilivaa koti la harusi.

Bi Violeth alikuja saa nne, na nyuma yake yule mwanamke mrefu, safari hii kavaa sweta la shule. Anaitwa Sharon, yuko kidato cha pili, anacheza mpira wa pete, ana miaka kumi na mitano. Aliniambia ukweli usoni na mimi nikacheka! Hadi sasa siamini. Msichana anasema kweli tupu, anaondoka na sigara mbili.

Bi Violeth hakupandisha sauti. Alikibandua kibali changu kwa vidole viwili, taratibu, kama anayeshusha picha ya marehemu. Alilitazama boksi langu la sabuni kwa muda. Akasema niombe tena baada ya miezi sita. Sijawahi kuangamizwa kwa adabu kiasi kile.

Nikamuuliza Sharon kwa nini alikubali kazi hii. Akasema ana mdogo wake, yuko darasa la sita. Mdogo wake alikuwa akinunua sigara moja moja kwangu, akisema katumwa na baba. Baba yao havuti.

Nilimkumbuka yule mtoto. Anasalimia vizuri sana. Nilimuuzia mwaka mzima, na nilikuwa namsifu kwa Avelina. Nimeona haya, kweli nimeona haya, na sikupata pa kuweka macho.

Isakwisa alimdai Sharon kitambulisho, basi, akamkatalia. Leseni yake iko ukutani. Nilivuka barabara kuiangalia. Jua likaipiga. Nusura nipige ishara ya msalaba.

Avelina amekaa kwenye kaunta. Mundu wangu ameuweka mlangoni.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Jana nilivuna kutwa nzima, nikimfikiria yule mtoto. Nikajiuliza kosa langu liko wapi. Nikatafuna punje kavu ya hindi, gego la mwisho likauma. Na hapo hapo nikaelewa! Kosa ni mkono. Mkono unadanganya, hasa wa mpira wa pete. Meno hayadanganyi! Gego langu la mwisho liliota mwaka ule ule niliotimiza kumi na nane. Asiye na magego yote ya nyuma ni mtoto, hapewi sigara, imeisha hiyo. Nimeazima tochi.

Leo baada ya misa nimekutana na Bi Violeth barabarani, akitoka kanisani kwao. Nikamweleza kipimo kipya mwanzo hadi mwisho. Alicheka mpaka akarudisha kichwa nyuma, mdomo wazi kabisa. Nikawasha tochi upesi.

Magego ya mwisho hana. Hata moja!

Nilibaki nimeduwaa katikati ya barabara. Mtoto mdogo vile, na amekabidhiwa muhuri mkubwa vile! Nimemwonea huruma, sikumwaibisha mbele za watu. Barua kwa bosi wake nimeshaianza, na Avelina nimemwambia asimuuzie sigara.