Tablo Iliyolazwa Ubavu

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Siku kubwa. Hadji Hamimu, patroni wetu hapa kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ametangaza: Alhamisi, mimi na mwenzangu wa kazi Orlane, kila mtu aoneshe hesabu za mwaka kwa projekta. Atakayemridhisha ndiye shefu wa byuro, mkuu wa ofisi nzima. Atakayeshindwa anabaki gatini kuhesabu magunia ya saruji juani. Kiti cha shefu kina magurudumu, na feni iko juu yake. Nimempigia bibi yangu wa ndoa, Raihana, nikamwambia nimeshapewa. Tofauti ni siku tatu tu.

Jumanne, 4 Novemba
Raihana ameshawaambia dada zake. Dada zake wameshauambia mtaa wetu wote wa Mutakura. Leo muuza mkaa kaniita shefu. Basi, kushindwa hakuna ruhusa.

Kazi imeanza. Safari zote za boti, Kigoma na Uvira, 118, kila moja na mstari wake: mafuta, ushuru, makuli. Jedwali zima, tablo ndefu, nyembamba, tamu kuangalia. Inataka ukurasa uliosimama. Maelezo yangu yanataka ukurasa uliolala. Nimeusimamisha mmoja, zote zikasimama. Nimezilaza tena, tablo ikakatika kwenye safari ya 31. Saa tatu nzima za vita na mashini.

Jumatano, 5 Novemba
Nimemwuliza Armel wa duka la fotokopi, kwa ujanja, kama vile shida si yangu. Kasema slaidi hazichanganyiki: zikilala zimelala zote. Niigawe tablo slaidi sita, au nichague namba chache. Namba chache! Huyo katumwa na Orlane.

Suluhisho nimelipata mwenyewe, nikitia udhu wa adhuhuri. Slaidi ikikataa kusimama, tablo ilale. Nimeigeuza ubavu. Safari zote 118 zimeingia. Herufi ni ndogo kiasi, lakini zipo. Nimechungulia za Orlane: slaidi tatu, kila moja na namba moja kubwa kama jina la duka. Nimemhurumia, kwa kweli.

Alhamisi, 6 Novemba
Ushindi.

Orlane kaanza. Dakika nne kamaliza, watu wakapiga makofi. Zamu yangu. Tablo ikatokea ukutani, imelala ubavu. Byuro nzima ikainamisha kichwa kushoto. Keshia wetu Hyacinthe kagongana kichwa na Sylvère wa gatini. Sylvère akauliza kama ni ukuta ulioanguka. Wakacheka mpaka machozi. Nikakiona kile kiti cha magurudumu kinaondoka. Nikamfikiria Raihana mbele ya dada zake, nikataka kulia, sifichi.

Lakini Hadji hakucheka. Nikamtazama vizuri: kaamka na shingo imekakamaa, kichwa kimelalia bega la kushoto. Humo ndani yeye peke yake aliiona tablo yangu imenyooka. Kasogea ukutani na miwani yake, mstari kwa mstari. Safari ya 74 kasimama. Akauliza ilikuwaje safari ya Uvira, ng'ambo hapo tu, inywe mafuta mengi kuliko ya Kigoma. Mi mwenyewe sikuwa nimeuona huo mstari. Nikasema ndiyo maana nimeuweka.

Kampigia muuza mafuta hapo hapo. Kakubali: alitulipisha mara mbili. Hadji akasema namba kubwa za Orlane zingelificha hilo mpaka kiama. Shefu ni Tajudini. Wallahi, ni mimi.

Jumatatu, 10 Novemba
Kiti kinazunguka vizuri. Hadji kaingia, shingo imenyooka. Kasema chanzo ni mto mpya wa kulalia, zawadi ya binti yake Houda, mgumu kama tofali. Kaulalia mara moja tu, akautoa nje. Kaitazama tena tablo yangu, hakuona kitu. Na Alhamisi wanakuja washirika wanne kutoka Kigoma, wataoneshwa hiyo hiyo. Wakiipenda, tunapata boti ya pili.

Orlane, bila kinyongo, kasema atanisaidia kuigawa slaidi sita, dakika kumi tu. Nimemwambia apana, asante, mbinu yangu imeshathibitika.

Mchana nimeenda kwenye maduka ya mtaa wa Asiatique, nikalipata lililomuuzia Houda ule mto. Nimenunua mito mitano kama ule ule. Minne nimeiacha hotelini, kwenye vyumba watakavyolala wale wageni wa Kigoma. Wa tano nimempelekea Hadji, na salamu za shefu.