Daktari Mgeni Alazwe Kitanda cha Kumi

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi,

Pokea salamu kutoka kitanda cha tisa, wodi ya wanaume. Mimi ni fundi cherehani. Jumapili nililetwa hapa nimejikunja, kidole tumbo kikitaka kupasuka. Sista alimpigia simu mpasuaji tunayemwita Daktari Mgeni, maana si mwajiriwa wenu: ana kliniki yake mjini, huitwa, hupasua kwenye chumba chenu, kisha huyoo! Alifika mbio, akaniokoa. Mshono wake hata mimi fundi sina neno nao. Malalamiko yangu ni ya baada ya hapo.

1. Sijulikani mimi ni wa nani. Chumba ni chenu, kisu ni chake, tumbo ni langu. Daktari wenu wa zamu humpima wa kitanda cha nane, kisha hunipita kama nguzo. Nilipomwita alijibu, "Mzee wangu, wewe si mgonjwa wangu, ni wa Mgeni." Basi nimepona kiyatima.

2. Bila saini yake sitoki. Tangu juzi natembea, nakula, na nimewakunjia wauguzi wanne pindo za sare. Sista ananibembeleza: "Baba, vumilia, yuko hospitali nyingine." Nyingine! Kwani sisi tumemkosea nini?

3. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mwaka wa sita hamjampa hata koti. Naomba aajiriwe kwa lazima. Akikataa, alazwe kitanda cha kumi, kiko wazi. Avalishwe lile gauni la wagonjwa lisilo na mgongo, tuone atakimbilia wapi. Na asitoke bila saini yangu.

Wasalimie wapishi, walinzi na wafua mashuka wote.

Ni mimi, nisiye na mwenyewe,
Fundi wa Kitanda cha Tisa

Tanbihi: Daktari Mgeni ameingia nikiwa nalamba bahasha. Kumbe tangu juzi alikuwa ng'ambo ya mto, kwenye hospitali ndogo isiyo na mpasuaji mwingine. Mngemwajiri, asingekuwa na ruhusa ya kwenda. Aliyekuwa kwenye meza ya upasuaji huko ni mama mkwe wangu, utumbo umejisokota. Mke wangu alinificha habari hiyo nisije nikakurupuka na mshono mbichi. Mama yuko salama. Nimelia kidogo, nikamshika daktari mkono mpaka akaniomba niuachie, autumie kusaini.

Tafadhali ichane barua hii. Itakayofuata ni ya mama mkwe: analalamika kwamba daktari amemtelekeza, akakimbilia kwa fundi mzima wa afya.