Uzi wa Fimbo ya Baba

Jumatatu, 6 Machi 2006. Bungoma.
Mama ameamua. Fimbo ya marehemu Baba ya kuvulia samaki aina ya trauti, ile ya mwanzi aliyoachiwa na mzungu aliyemfanyia kazi kule Kitale, itakuwa ya yule atakayemletea samaki Jumamosi. Mimi au kaka yangu Wamalwa. Siku hiyo tutaitumia kwa zamu. Kwa sasa iko kwangu, maana nilimwambia Mama kwamba Wamalwa ataifanya kuni. Uongo, lakini aliuamini.

Taabu ni moja. Kila fimbo ina uzito wake wa uzi, una namba, na ukikosea, uzi hauendi mtoni, unakuzonga shingoni. Fimbo hii haina alama hata moja! Baba aliijua kwa mkono tu.

Jumanne, 7 Machi.
Wamalwa amepiga simu. Ati niweke uzi namba tano. Ati ndiye aliyekuwa akimbebea Baba kapu, anakumbuka vizuri. Nikamshukuru sana. Mshindani akupe siri bure? Ng'o! Basi si tano.

Jumatano, 8 Machi.
Sharif, muuza vitu vikuukuu, amenifundisha kupima. Fimbo unailaza, unaning'iniza mfuko kwenye ncha, unatia maharagwe kidogo kidogo mpaka ipinde kiasi, kisha unapima maharagwe kwa mizani. Nimetumia ya mbegu, ya mke wangu Lenah. Sharif akapima, akasema tano. Hata maharagwe yako upande wa Wamalwa!

Nikataka uzi namba nane. Akanionya: "Hiyo ni ya samaki kubwa, bana. Utavunja kitu ya mzee." Nikaununua. Kizito ndicho huenda mbali, aliyewahi kurusha jiwe anajua. Lenah ameuliza mbegu ziko wapi. Nimesema panya.

Jumamosi, 11 Machi. Kitale.
Sijui niandikeje. Wamalwa alinipisha nianze. Uzi ukatoka mzito kama kamba ya ng'ombe, fimbo ikalia. Akapiga kelele, "Acha kulusha, bana! Itavunjika!" Nikaona ni wivu. Nikaongeza nguvu.

Ka! Ncha ikachukuliwa na maji. Wamalwa akaingia mtoni na viatu vyake vya kanisani, akaitoa, akaifuta kwa shati. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 12 Machi. Bungoma.
Mama aliviweka vipande mapajani, akavipapasa kimoja kimoja. Lenah ndiye aliyenisema. Ati asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mimi nimevunja guu la marehemu. Nimelia nyuma ya jiko. Kaka yangu alisema kweli tangu mwanzo, nami nikamwona mwizi. Naapa sitamdhania mabaya tena.

Jumatano, 29 Machi.
Wamalwa ameileta fimbo! Fundi Kimaiyo ameiunga kwa gundi na kuifunga nyuzi vizuri mno. Na amemwomba Mama niachiwe mimi, ati mimi ndiye kitindamimba. Nimemkumbatia mpaka tukaona haya. Ameniomba jambo moja tu: nisiitumie kabla ya Pasaka, gundi ishike.

Ndugu ni ndugu. Nimeketi hapa namshukuru Mungu.

Lakini mbona Pasaka? Gundi gani hiyo ya kungoja Pasaka? Wakati huo mvua zitakuwa zimeanza, mto umechafuka, nikose samaki, nichekwe na ukoo mzima. Mjanja huyu! Kesho asubuhi naenda mtoni.