Dhahabu ya Firigisi

Jumatatu, 7 Oktoba. Nimeshtuka na akili yangu mwenyewe. Nimeona tetere kwenye rundo la marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, pale karasha la jirani yangu Mwita, mashine yake ya kusaga mawe. Wale njiwa pori wa kijivu, kola nyeusi kisogoni, wanatembea wanatikisa kichwa kama wanakubali kila kitu. Wanadonoa mchanga! Mchanga wa dhahabu! Na kila mchanga wa ndege unaishia kwenye firigisi. Kahama nzima inachimba chini, mali inaruka juu.

Jumanne, 8. Chambo. Paskalina mke wangu ana mtama mwekundu wa mbegu kwenye kibuyu, kapewa na mama yake, anasubiri mvua. Kasema tangu zamani, atakayegusa ile mbegu hatamkuta, anarudi kwao Tinde. Nimegusa kidogo tu. Mtego ni chandarua chetu, nimekining'iniza juu ya chambo kwa kamba. Tetere wamekula mtama wote, wakaruka, mabawa pa-pa-pa. Wamenipigia makofi!

Jumatano, 9. Mwita kaniuliza kama nimefungua kanisa la ndege. Wivu huo. Nimemwaga tena mtama, safari hii bila uchoyo. Mchana wakaja kunywa kwenye beseni. Kumbe tetere hainui kichwa akinywa, anafyonza tu kama mtu wa soda na mrija! Nikabaki mdomo wazi, kamba ikanitoka mkononi. Jioni nimenasa watatu. Kibuyu sasa ni chepesi sana.

Alhamisi, 10. Sina nguvu ya kuandika. Nimepasua firigisi, nikaosha kwenye karai kama mchimbaji kamili, Mwita kanisimamia kichwani. Kilichobaki: vijiwe vya kawaida. Na mtama. Mtama mwekundu, wa mama mkwe kabisa! Mwita kacheka mpaka kakaa chini. Nageuka, Paskalina yuko nyuma yangu. Hakupiga kelele, hapo ndipo nilipoogopa. Akanionyesha tetere kalalia kiota kwenye ua wa minyaa, vijiti viwili vitatu, mayai unayaona kwa chini. Nikasema hata mimi najenga vizuri kuliko huyo.

Akasema, "Baba Mihayo, huyo aliyelala hapo ni dume. Mchana anaatamia yeye, mwenzake akale. Wewe unaatamia nini?"

Nani alijua madume wanafanya hivyo!

Ijumaa, 11. Kaondoka kweli! Kabeba Mihayo, sufuria, na chandarua chenye matundu. Kasema bila mbegu hakuna shamba, na bila shamba nisimfuate. Mbu wamenila. Tetere wanalia uani tangu alfajiri, ku-kuu-ku, hawana hata aibu. Nimelia na mimi kidogo.

Jumamosi, 12. Nimefikiria sana, kosa nimeliona. Tetere ni mdogo mno! Firigisi yake haishiki dhahabu, inapita. Ila kanga! Kanga wamejaa vichakani nyuma ya karasha, firigisi kama ngumi yangu. Kesho napanda basi la Tinde. Nampigia magoti mama mkwe, shikamoo ya machozi, naomba msamaha, naomba mke, naomba mbegu. Mbegu niombe gunia zima. Kanga anakula kuliko tetere.